Kufuli Halidanganyi, Kipande cha Picha Kinadanganya

Sanduku la kikoba cha mama yangu ni la bati, limepakwa rangi ya bluu, na lina makufuli matatu. Funguo zake zinashikwa na wanawake watatu wa mitaa tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote. Jumamosi saa kumi jioni wote wanne lazima wafike, la sivyo hakuna kununua hisa, hakuna mkopo, hakuna mfuko wa jamii. Mama ni mmoja wa wale watatu. Ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la khanga, na nikiwa nyumbani likizo namwona akilipapasa hilo fundo kila baada ya muda.

Mtindo huu wa vikundi vya sanduku ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE, ukasambaa hadi kwetu. Jumamosi moja nilimsindikiza mama kikaoni. Mwenzake mmoja akaingiza ufunguo, ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama. Akautazama vizuri kiganjani, akashika mdomo: alikuwa amebeba ufunguo wa kabati la vyombo. Mtoto akatumwa mbio nyumbani, baada ya dakika ishirini kikao kikaendelea.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwaza jambo ambalo wao hawakuwa na haja ya kuliwaza. Ufunguo usio sahihi uligoma. Na ulipogoma, kila mtu aliona ni kufuli lipi na ni mkono wa nani. Katika toleo la kidijitali la sanduku lile, ambalo ndilo kazi yangu, ufunguo wa uongo haugomi. Unazunguka vizuri kabisa, kifuniko kinafunguka, na ndani unakuta vitu ambavyo havikuwekwa na mtu yeyote ila yule aliyekudanganya. Nawe unaondoka ukiamini umeona siri yenyewe.

Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja Morogoro, na hii ndiyo mada inayonikosesha usingizi. Inaitwa kugawana siri. Mwaka 1979 Adi Shamir, yule ambaye jina lake ndilo herufi S katika RSA, mfumo mashuhuri wa kufunga siri kwa kompyuta, alichapisha makala fupi yenye swali la kabati na wanasayansi 11. Wanataka kabati lifunguke wakiwepo 6 au zaidi, na wakiwa 5 lisifunguke hata kidogo. Ukitumia makufuli ya kawaida unahitaji makufuli 462, na kila mwanasayansi abebe funguo 252. Huo si mzigo wa pindo la khanga. George Blakley wa Marekani alilitatua tatizo hilohilo mwaka uleule kwa njia yake.

Jibu la Shamir ni la hesabu za sekondari. Nukta mbili zinatosha kuchora mstari mnyoofu mmoja tu, lakini nukta moja inaweza kupitiwa na mistari isiyo na idadi. Basi ficha siri pale mstari unapokata mhimili, kisha mpe kila mtu nukta moja ya mstari huo. Mtu mmoja peke yake hajui lolote. Wawili wakikutana, siri inatoka. Ukitaka watatu ndio wafungue, tumia mkunjo badala ya mstari, na kuendelea.

Kisha ikaja picha. Mwezi wa tano mwaka 1994, kwenye mkutano uliofanyika Perugia, Italia, Moni Naor na Shamir walionyesha kwamba siri inaweza kugawanywa kwenye plastiki angavu mbili, na kuifungua usihitaji kompyuta, umeme wala hesabu. Unaweka plastiki moja juu ya nyingine, unatazama.

Mwaka wa kwanza nilipotaka kuwaonyesha wanafunzi jambo hili, nilikwenda steshenari na faili langu kwenye flashi, nikaomba wanichapie kwenye ile plastiki ya juu wanayobaindia ripoti. Kijana wa pale akaishika, akaikunja kidogo, akanirudishia. “Kaka, hii itayeyuka kwenye mashine, ukiharibu drum ni mshahara wangu.” Akaniambia nitafute ile ya projekta za zamani, inayostahimili joto. Nilizunguka mji siku mbili nikaipata kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya shule, pakiti imejaa vumbi, bado haijafunguliwa.

Nataka uione hiyo plastiki kwa karibu, maana udanganyifu wote unakaa mle ndani.

Chukua picha ya namba iliyoandikwa kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe. Imeundwa na nukta ndogo ndogo, pikseli. Tuseme watu ni watatu, na wawili wowote wakikutana waweze kusoma. Kila pikseli unaigawa vichumba vitatu. Kwenye plastiki ya kila mtu, kichumba kimoja kati ya vile vitatu kinapata wino, viwili vinabaki vitupu. Kama pikseli ya siri ni nyeupe, wote watatu wanapata wino kwenye kichumba kilekile. Kama ni nyeusi, kila mmoja anapata kwenye kichumba chake. Kichumba kipi hasa, hilo linaamuliwa kwa nasibu upya kwa kila pikseli.

Ukiishika plastiki yako peke yako, unaona chenga tupu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Haidhuru una darubini au una kompyuta zote za dunia: theluthi ya wino kila mahali, na hakuna kingine cha kuona. Ukiweka juu yake plastiki ya mwenzako na kuzilinganisha sawasawa (na hapo mkono usitetemeke, maana kuteleza kwa unene wa unywele kunaharibu kila kitu), pikseli nyeupe zinabaki na kichumba kimoja cheusi, zile nyeusi zinakuwa na viwili. Jicho linaona tofauti ya wepesi na uzito, na namba inaibuka kutoka ndani ya chenga. Darasa langu lilipiga kelele. Mimi mwenyewe, niliyeiona mara nyingi, bado nasisimka.

Mwaka huo niligawa darasa vikundi vitatu. Siri ilikuwa 9052. Nilikuwa nimeahidi soda kwa kikundi kitakachoniletea namba sahihi ofisini kabla ya Ijumaa, wakifungua na kikundi kingine chochote. Alhamisi vikundi viwili vikaleta 9052. Kikundi cha tatu kikaleta 4471, na wakaapa kwa jina la Mungu kwamba wameiona kwa macho yao. Wakanionyesha plastiki. Niliziweka dirishani. Kweli, 4471, safi, bila kasoro.

Wale vikundi viwili walikuwa wamekaa usiku mmoja hosteli na kompyuta mpakato. Hawakuwa wamesoma makala yoyote. Waligundua wenyewe kile ambacho Gwoboa Horng na wenzake wawili walikichapisha mwaka 2006, na maelezo yao yalikuwa mafupi hivi: tuliweka plastiki zetu mbili pamoja. Palipokuwa na vichumba viwili vyeusi, tukajua wino wa kundi C uko kwenye kile cha tatu kilichobaki. Palipokuwa na kimoja, tukajua wa kwao uko palepale. Basi plastiki yao yote tukaijua, hata nukta moja haikutupita, na hatujawahi kuishika.

Ukishaijua plastiki ya mwenzako, kumtengenezea uongo ni kazi ya dakika kumi. Pale unapotaka aone nyeupe, weka wino kwenye kichumba kilekile alichonacho yeye. Pale unapotaka aone nyeusi, uweke kwingine. Plastiki ya uongo inaonekana chenga tupu kama plastiki ya kweli. Ina theluthi ileile ya wino. Hakuna kinachogoma.

Soda walipata. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ile ilinifaa, kwa sababu ilinionyesha kosa la jinsi nilivyokuwa nafundisha. Nilikuwa nikisema mfumo huu ni “salama kabisa”, na kihesabu ni kweli: mgeni asiye na plastiki za kutosha hajui chochote. Ila usalama ule unamhusu mgeni tu. Juu ya mwenye kipande halali, aliyealikwa mezani, uthibitisho ule haukusema neno. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo hii tunayogawiwa.

Swali la kwanza wanafunzi waliloniuliza wiki iliyofuata ni kama plastiki za ziada zingesaidia. Yaani, tengeneza mfumo wa watu 10, kila pikseli vichumba 10, halafu gawa plastiki tatu tu, zile saba zichome moto. Wazo zuri, na lilikuwa limependekezwa tayari na haohao waliochapisha shambulio. Wala njama wawili wakikutana kwenye pikseli nyeusi wanajua vichumba vyao viwili, lakini wino wa mwenzao unaweza kuwa kwenye chochote kati ya vinane vilivyobaki. Wakitaka kuigeuza pikseli hiyo ionekane nyeupe wanabahatisha moja kwa nane, na pikseli ni maelfu.

Tuliikagua ubaoni kwa chaki, na tukakuta tundu. Kufuta weusi wanashindwa, lakini kuongeza weusi wanaweza. Kwenye pikseli nyeupe wote wana wino mahali pamoja, hilo wanalijua kwa hakika, hivyo wakiuhamisha wino wao popote pengine, nyeupe inageuka nyeusi. Chora namba 3 kwa mistari minyoofu kama ya kikokotoo, kisha fikiria mtu anayeweza kuongeza mistari ila hawezi kuifuta. Tatu inakuwa nane. Moja inakuwa saba. Kama siri ni kiasi cha fedha, hapo umekwisha. Na gharama unailipa vilevile: kwa vichumba 10, tofauti kati ya nyeupe na nyeusi inafifia hadi moja ya kumi, na mwenye macho hafifu hasomi.

Njia ya pili ndiyo iliyoniteka. Kila mshiriki anapewa plastiki mbili: kipande chake cha siri, na plastiki ya uhakiki ambayo ni yake peke yake. Ndani ya plastiki ya uhakiki imefichwa alama aliyoichagua yeye na kumnong'oneza mgawaji, yaani yule anayetengeneza na kugawa vipande: mnazi, nanga, jicho la samaki. Mwenzako akileta kipande chake, kabla hujakiunganisha na chako, unaweka plastiki yako ya uhakiki juu yake. Ukiuona mnazi wako mzima, kipande ni cha kweli. Ukiona mnazi umeliwa na chenga, umeletewa cha kughushi.

Chih-Ming Hu na Wen-Guey Tzeng waliliboresha jambo hili mwaka 2007. Waliionyesha mifumo kadhaa iliyodai kuzuia udanganyifu kuwa inavuja, kisha wakatoa kanuni ya kuugeuza mfumo wowote wa plastiki upate kinga, kwa kuongeza vichumba viwili tu kwa kila pikseli. Katika mfano wetu, vitatu vinakuwa vitano. Kati ya viwili vya nyongeza, kimoja kina wino kwa kila mshiriki na kingine ni kitupu kwa kila mshiriki. Vyote vitano vinachanganywa, na mchanganyo ule anaujua mgawaji peke yake.

Sasa watazame wale wala njama wa hosteli. Kwenye pikseli nyeusi wanaweka plastiki zao pamoja na kuona vichumba vitatu vyeusi: kile cha wote, na kimoja cha kila mmoja wao. Vimebaki vitupu viwili. Kimoja ndicho chenye wino wa mwenzao, kingine ni kile cha nyongeza kisicho na wino kwa mtu yeyote. Ni kipi? Hawajui. Wanarusha sarafu. Wakikosea, uongo wao hautokei pale, na mahali ambapo alama ya siri ya mwenzao ni nyeusi, alama nayo inapasuka. Pikseli mia, sarafu mia. Kwenye pikseli nyeupe nako wamefungwa, maana wanaona vichumba viwili vyenye wino na hawajui ni kipi cha wote na ni kipi cha siri, na wakihamisha kile cha wote wanaibomoa alama.

Nakipenda kitu hiki kwa sababu bado kinafanya kazi dirishani, bila umeme. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa saa, alisema ni kama kuweka nywele kwenye mlango wa kabati: mwizi haioni, ila akipita imekatika.

Picha za siri za leo, hata hivyo, kwa kawaida hazikai kwenye plastiki. Zinakaa kwenye seva, na zinaweza kugawanywa kwa polinomia za Shamir, yaani ile mistari na mikunjo yake. Chih-Ching Thien na Ja-Chen Lin walifungua njia hiyo mwaka 2002. Rangi ya kijivu ya pikseli ni namba kati ya 0 na 255, na hesabu zinafanywa kwenye saa yenye nafasi 251, kwa kuwa 251 ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya 256. Pikseli zinazozidi 250 zinashushwa hadi 250, jicho halitambui. Hapo udanganyifu ni wa namna nyingine, na kwangu ni wa kutisha zaidi, kwa sababu hauhitaji njama. Mtu mmoja anatosha.

Fuata hesabu hii kwa kalamu, haichukui dakika mbili. Tumia saa ndogo, yenye nafasi 11, ambamo 11 ni sawa na 0, 12 ni 1, na kadhalika. Siri ni 7. Mgawaji anachagua mstari: 7 + 3x. Mtu wa kwanza anapata 7 + 3, yaani 10. Wa pili anapata 7 + 6, yaani 13, ambayo kwenye saa yetu ni 2. Wakikutana, siri inapatikana kwa kuzidisha kipande cha kwanza mara mbili na kutoa cha pili: 20 toa 2 ni 18, na 18 toa 11 ni 7. Sawa.

Sasa mtu wa kwanza analeta uongo. Badala ya 10 anasema 4, yaani ameongeza 5 kimyakimya. Hesabu inatoa 8 toa 2, ni 6. Mwenzake anaondoka akiamini siri ni 6. Mdanganyifu, anayejua aliongeza 5 na kwamba 5 hiyo imezidishwa mara mbili, anapunguza 10 kutoka 6, anapata hasi 4, ambayo kwenye saa ya 11 ni 7. Amepata siri ya kweli, mwenzake amebaki na ya uongo, na hakuna aliyemwona. Martin Tompa na Heather Woll walilieleza hili mwaka 1986, kabla hata plastiki za Perugia hazijazaliwa.

Ukiihamisha hesabu hiyo kwenye picha utaona kwa nini sicheki nayo. Chukua eksirei ya kifua iliyogawanywa kwenye seva mbili, kila pikseli kwa mstari wake. Mwenye kipande cha kwanza haioni eksirei, anaona chenga. Lakini akiongeza 30 kwenye kila pikseli ndani ya duara dogo upande wa juu wa kipande chake, picha itakayofunguliwa itakuwa imeongezeka 60 ndani ya duara hilohilo. Mapafu kwenye eksirei ni meusi kwa sababu ya hewa. Daktari ataona doa jeupe juu ya pafu. Doa hilo amelipaka mtu ambaye hajawahi kuiona picha, ila anajua tu kwamba pafu kwa kawaida hukaa sehemu ile.

Nilifanya jaribio hilo kwa picha ya mfano isiyo ya mgonjwa yeyote. Nilitegemea picha itakayofunguliwa ionyeshe dalili ya kuguswa, mstari, chenga kidogo, chochote. Haikuonyesha kitu. Doa lilikaa pale limetulia, kingo zake laini kwa sababu niliongeza namba kidogo kidogo kuelekea nje. Nilizima kompyuta nikatoka nje kutembea.

Kinga zake zipo, na si zote zina thamani sawa. Nitasema wazi ninavyoziona.

Ile inayopendwa kwa urahisi wake ni alama ya kukagua makosa. Mwaka 2004 Lin na Tsai walipendekeza kukificha kila kipande ndani ya picha ya kawaida, tuseme ya ua au ya mlima, ili kisivute macho, kisha kuweka biti moja ya ukaguzi, yaani 0 au 1 tu, kwa kila kundi la pikseli nne. Kukificha kipande ni jambo jema. Ile biti moja hainiridhishi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba mshiriki asiye mwaminifu anaweza kubadilisha picha yake na bado ikapita ukaguzi. Hata kwa kubahatisha tu, nusu ya makundi yaliyochakachuliwa yangepita. Alama ambayo kila mtu anaweza kuikokotoa inakamata faili lililoharibika njiani. Mwizi ataikokotoa upya baada ya kuiba. Ninaona programu nyingi mtandaoni zinazoweka alama ya namna hiyo na kujiita salama, na inaniuma, kwa sababu mtu wa kawaida atalisoma neno “imehakikiwa” na kuamini.

Kama mgawaji ni mwaminifu, atie saini ya kidijitali kwenye kila kipande, alama ambayo yeye tu anaweza kuitengeneza ila yeyote anaweza kuikagua, basi. Kipande kilichoguswa hata pikseli moja, saini inakataa, na unajua ni cha nani, kama lile kufuli la Jumamosi. Sielewi kwa nini watu wanaogawa picha kwenye seva wanahangaika na ujanja mwingine wakati saini zipo na ni za bure.

Kama hutaki kutegemea saini, kuna njia ya Tal Rabin na Michael Ben-Or ya mwaka 1989, ambayo naiona nzuri kwa jinsi inavyofanana na maisha. Mimi napewa namba mbili za siri zinazokukagua wewe. Wewe unapewa lebo inayotokana na namba zangu hizo na kipande chako. Kipande chako nikikizidisha kwa namba yangu ya kwanza na kujumlisha ya pili, lazima ipatikane lebo yako. Huzijui namba zangu, kwa hiyo ukibadilisha kipande huna jinsi ya kurekebisha lebo ila kwa kubahatisha. Kwenye saa ya 251 bahati hiyo ni ndogo lakini ipo. Kwenye saa kubwa kweli haipo kwa maana yoyote ya kibinadamu. Kila mmoja anamkagua kila mwenzake, na hakuna anayejua anakaguliwa kwa namba gani.

Kuna jambo ambalo hesabu zote hizi haziligusi: nani aonyeshe kwanza. Anayesubiri mwisho ameviona vipande vya wengine, akitaka anaghushi cha kwake kulingana navyo, akitaka anakikunja na kuondoka na siri. Darasani sasa tuna desturi. Plastiki zote zinawekwa kifudifudi juu ya meza, mikono inaondoka, ndipo zinageuzwa. Kwenye kompyuta desturi hiyo ni kila mmoja kutuma kwanza heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data bila kuifichua) ya kipande chake kilichochanganywa na namba ya nasibu, na baada ya heshi zote kufika ndipo vipande vinafunuliwa. Hapo kubadilisha mawazo hakuwezekani. Kugoma kufunua bado kunawezekana, ila anayegoma anaonekana.

Likizo iliyopita nilimweleza mama haya yote barazani akichambua mchele. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali kuhusu plastiki ya uhakiki, akataka kujua kama mtu anaweza kuchagua alama ya khanga yake. Nikasema ndiyo. Kisha akanyamaza, ungo ukaendelea kupigwa, akasema: “Na huyo mgawaji mwanangu, yeye nani anamkagua?”

Swali hilo liliulizwa na kina Benny Chor, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Baruch Awerbuch mwaka 1985, likajibiwa vizuri zaidi na Paul Feldman mwaka 1987 na Torben Pedersen mwaka 1991. Mgawaji analazimika kutangaza hadharani namba fulani zinazofunga mstari wake bila kuufichua, na kila mshiriki anakagua mwenyewe kwamba nukta aliyopewa iko kweli juu ya mstari huo. Akimpa mmoja nukta ya mstari huu na mwingine nukta ya mstari ule, anakamatwa siku ileile ya kugawa, kabla siri haijahitajika. Nilianza kumweleza mama. Hakuwa ananisikiliza tena.

“Yale makufuli,” akasema, “yaliponunuliwa, kila moja lilikuja na funguo tatu. Mimi ninao mmoja. Zile mbili ziko wapi?”

Jumamosi iliyofuata alikwenda na swali hilo kikaoni. Funguo sita za akiba zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la yule aliyetumwa dukani kununua makufuli miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amezisahau, na nadhani alisema kweli. Walizihesabu mbele ya wote, wakazitia kwenye mfuko, wakazipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale njiapanda. Mama alisimama pale hadi zikawa donge moja.